Februari, Mwezi wa Mikono Yetu



Katika nyumba nyingi za Ngezi, mtaa wetu hapa Bunia, kalenda hutundikwa ukutani karibu na msalaba na picha ya Bikira Maria. Baba huitazama ili ajue siku ya kulipa karo ya shule. Mama huitazama ili ahesabu majuma yaliyosalia kabla ya mvua za Machi, apate kupanda maharagwe na mahindi. Watoto huitazama ili wajue sikukuu iko wapi. Na Februari, kwetu, ni mwezi wa vumbi na jua kali. Una siku 28 tu, au 29 kila mwaka wa nne, na wengi huudhania kuwa mwezi mfupi usio na jambo: Noeli imekwisha pita, na Pasaka bado haijafika.

Nasi tulidhani hivyo, mpaka watoto wawili walipotufundisha. Siku moja darasani tulikuwa tukiwaonyesha wanafunzi namna ya kuandika tarehe. Tukawaambia: kila mmoja aandike siku moja ya mwezi wa Februari ambayo nyumbani kwao haisahauliki. Wengi waliandika siku yao ya kuzaliwa. Lakini wawili wanaoketi dawati moja waliandika mambo mengine. Wa kwanza aliandika tarehe 24, kwa sababu siku hiyo nyumbani kwao huwashwa mshumaa kwa ajili ya bibi aliyeuawa Bogoro. Wa pili aliandika tarehe 25, kwa sababu siku hiyo nyumbani kwao huombewa babu aliyeuawa Kobu. Mwaka ni ule ule, 2003, na juma ni lile lile. Wakatazamana. Hao wanaogawana kalamu na kipande cha muhogo kila siku, hakuna hata mmoja aliyekuwa amejua maombolezo ya mwenzake.

Jioni ile tuliichukua kalenda tukaisoma upya, siku kwa siku. Tuliona kwamba mwezi huu mfupi umejaa: siku za Mama Kanisa, siku za mataifa yote, na siku za machozi yetu wenyewe. Tena karibu katika kila siku tuliona mkono: mkono unaopokea, mkono unaofunga, mkono unaoponya, mkono unaoua, mkono unaosamehe. Basi leo twapenda kuisoma kalenda hiyo pamoja nanyi, tukiuliza swali moja tu: siku hizi zatudai nini sisi tunaoishi hapa?

MISHUMAA YA TAREHE 2

Tarehe 2 Februari, siku ya 40 baada ya Noeli, Kanisa huadhimisha Kutolewa kwa Bwana Hekaluni. Padre hubariki mishumaa, nasi huingia kanisani kwa maandamano, kila mmoja akishika mwanga wake. Twamkumbuka mzee Simeoni, aliyengoja miaka mingi, na mwishowe akampokea Mtoto Yesu mikononi mwake. Tangu mwaka 1997, kwa agizo la Papa Yohane Paulo II, siku hiyo ni pia siku ya watawa. Masista na Mabradha huweka upya ahadi zao mbele ya Mungu, nasi huwashukuru kwa zahanati, kwa shule na kwa yatima waliolelewa.

Lakini kwa sisi wa Ituri, mishumaa hiyo ina kivuli. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Februari 2022, watu wenye silaha waliingia kambi ya wakimbizi wa vita ya Plaine Savo, karibu na Bule, katika wilaya ya Djugu. Walioishi humo walikuwa wamekwisha kimbia vijiji vyao; hawakuwa na pengine pa kwenda. Watu wapatao 60 waliuawa katika usiku mmoja, na miongoni mwao walikuwamo watoto wadogo. Asubuhi, wakati makanisa yalipokuwa yakiwasha mishumaa ya Simeoni, Bule walikuwa wakichimba makaburi.

Mwaka mmoja baadaye, tarehe 1 Februari 2023, Baba Mtakatifu Fransisko, ambaye sasa ni marehemu, alikuwa Kinshasa. Asubuhi alisoma Misa katika uwanja wa ndege wa Ndolo mbele ya umati uliozidi watu milioni moja. Jioni aliwapokea watu walioteswa na vita vya mashariki, nao wa Ituri walikuwamo. Walisimulia mambo yaliyowapata, kisha wakaweka chini ya msalaba vitu vilivyofanana na vile vilivyotumiwa kuwaua ndugu zao, kama panga na kisu. Tena siku iliyotangulia, Baba Mtakatifu alikuwa amewaambia wenye nguvu wa dunia waondoe mikono yao juu ya Kongo na juu ya Afrika.

Neno hilo lilipigiwa makofi mengi, na ni haki. Lakini tusilipigie makofi tukidhani kwamba lawahusu wageni peke yao. Panga lililowekwa chini ya msalaba halikushikwa na mkono wa mgeni kutoka mbali. Lilishikwa na mkono wa jirani. Ndiyo maana yatupasa kuitazama mikono yetu wenyewe.

JINA LILILOPOTEA

Siku mbili tu baada ya mishumaa, tarehe 4, mataifa huadhimisha siku ya udugu wa wanadamu wote. Chanzo chake ni hati ambayo Papa Fransisko na Imamu Mkuu wa Al-Azhar, Ahmad al-Tayyeb, waliitia sahihi huko Abu Dhabi tarehe 4 Februari 2019. Sisi tulio na majirani Waislamu hatuhitaji maelezo marefu. Siku hiyo yafaa tupige hodi, tuulize hali ya wagonjwa wao, na kunywa chai pamoja nao.

Kisha yaja tarehe 8, siku ya Mtakatifu Yosefina Bakhita. Huyu alizaliwa yapata mwaka 1869 katika nchi ya Darfur, Sudani, ambayo si mbali sana na mipaka yetu ya kaskazini. Angali msichana mdogo, alikamatwa na wafanya biashara ya watumwa. Aliuzwa na kuuzwa tena, akapigwa, akachanjwa mwili kwa wembe. Hofu ilikuwa kubwa hata akasahau jina alilopewa na wazazi wake. “Bakhita”, maana yake mwenye bahati, ni jina alilobandikwa na waliomteka. Mwishowe alipelekwa Italia, akapata uhuru wake, akabatizwa mwaka 1890, akawa Sista wa shirika la Wakanosa. Alifariki dunia tarehe 8 Februari 1947 katika mji wa Schio, na mwaka 2000 Papa Yohane Paulo II akamtangaza kuwa Mtakatifu. Tangu mwaka 2015, Kanisa lote huiadhimisha siku yake kwa kusali na kuwazindua watu juu ya biashara ya wanadamu.

Alipoulizwa angewatenda nini wale waliomteka kama angekutana nao, alijibu kwamba angepiga magoti na kuwabusu mikono, kwa maana bila wao asingalimjua Kristu. Tuliposoma jibu hilo mara ya kwanza, tulilikataa moyoni. Tulisema: je, mkono uliofunga watoto kwa kamba wastahili kubusiwa? Ilitubidi tungoje miaka kadhaa ili tufahamu. Bakhita hakusema kwamba utumwa ulikuwa mwema, wala hakusema kwamba wenye kosa wasihukumiwe. Alisema kwamba mkono wao haukuweza tena kuutawala moyo wake.

Nasi wa Ngezi, siku ya Bakhita yatudai nini? Tutazame ndani ya nyumba zetu. Yuko msichana wa miaka 12 aliyeletwa kutoka kijijini “ili asaidiwe kusoma”, naye hajaliona darasa. Huamka kwanza na kulala mwisho. Hula kilichobaki sufuriani. Watoto wa nyumba humwita “wewe”, wala hawalijui jina lake la ubatizo. Hatuwezi kumwimbia Bakhita kanisani na kumtengeneza Bakhita mwingine jikoni.

MGONJWA ASIYESHIKWA MKONO

Tarehe 11 twamkumbuka Bikira Maria wa Lurdi, aliyemtokea msichana maskini Bernadeta mwaka 1858. Mwaka 1992 Papa Yohane Paulo II aliiweka siku hiyo kuwa ya wagonjwa ulimwenguni kote, nayo ikaanza kuadhimishwa mwaka 1993. Katika parokia zetu, wagonjwa huletwa Misani, na Padre huwapaka Mafuta Matakatifu katika paji la uso na mikononi.

Hapa kwetu tumejifunza maana ya mkono wa mgonjwa kwa njia ya uchungu. Tangu Agosti 2018 hata Juni 2020, ugonjwa wa Ebola ulienea mashariki mwa nchi yetu, hasa Kivu ya Kaskazini na Ituri. Watu 3,470 walihesabiwa kuwa waliupata, na 2,287 kati yao wakafa. Nyakati zile tuliacha kupeana mikono hata katika Misa. Tulinawa mikono mlangoni, tukasalimiana kwa viwiko. Ilikuwa busara, wala hatuijutii. Lakini ugonjwa ulipokwisha, wako waliopona ambao jirani zao waliendelea kuwaogopa, ingawa waganga walikuwa wamewapa cheti cha kupona. Maji na sabuni vilisafisha mikono, lakini havikusafisha woga.

Basi tarehe 11, kila jumuiya ndogo ya Kikristu iwe na orodha ya wagonjwa wake, tena iwatembelee kwa miguu. Asiende mtu mikono mitupu: achukue maji, kuni, sabuni, unga kidogo. Mgonjwa hasahau aliyemshika mkono.

MKONO MWEKUNDU

Kesho yake, tarehe 12, ni siku ambayo mahali pengi duniani watoto wa shule huchovya kiganja katika rangi nyekundu na kukipiga chapa juu ya karatasi. Huitwa Siku ya Mkono Mwekundu. Yakumbusha tarehe 12 Februari 2002, ulipoanza kutumika mkataba wa mataifa unaokataza watoto kutumiwa vitani.

Katika nchi nyingine siku hiyo ni somo la mbali. Kwetu ni historia ya nyumbani. Neno “kadogo” halihitaji kufafanuliwa hapa Bunia: kila mtu mzima amemwona mtoto aliyebeba bunduki iliyokuwa karibu kumzidi kimo. Tena tukumbuke ya kuwa hukumu ya kwanza kabisa iliyotolewa na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, kule The Hague, ilihusu watoto wa Ituri. Tarehe 14 Machi 2012, Thomas Lubanga, aliyekuwa kiongozi wa chama cha UPC, alionekana kuwa na hatia ya kuwaandikisha watoto wasiotimiza miaka 15 na kuwatumia katika mapigano. Alifungwa miaka 14. Wanasheria wa dunia nzima husoma kesi hiyo. Watoto wale, ambao sasa ni watu wazima wenye familia zao, wanaishi miongoni mwetu. Wengine huendesha pikipiki, wengine huchimba dhahabu, wengine husali nasi benchi moja.

Ninyi wazazi, msidhani kwamba mtoto huchukuliwa kwa nguvu tu. Wako waliotolewa na watu wao wenyewe, ili walinde kijiji, au ili nyumba isitozwe kitu. Na hata leo mtoto asiye na shule, asiye na chakula, aliyeachwa ashinde barabarani, yuko tayari kumfuata yeyote atakayempa viatu na jina la ukubwa. Kila daftari mnalomnunulia mwana ni ukuta kati yake na bunduki.

WALIOTOKA KANISANI, NA HAKI YA MFANYAKAZI

Tarehe 16 Februari hukumbukwa nchini kote. Mwanzoni mwa mwaka 1992 serikali ilikuwa imefunga Mkutano Mkuu wa Taifa, ambao Askofu Mkuu Laurent Monsengwo alikuwa mwenyekiti wake. Jumapili ile, tarehe 16, wakristu wa Kinshasa walitoka makanisani kwa amani, wakishika misalaba, rozari na matawi, wakidai mkutano ufunguliwe tena. Askari wakawapiga risasi, na wengi wakafa. Mwezi wa Aprili mkutano ulifunguliwa. Wale hawakushika jiwe wala fimbo, bali damu yao ilifungua mlango uliokuwa umefungwa.

Siku nne baadaye, tarehe 20, Umoja wa Mataifa umeiweka Siku ya Haki ya Jamii, nayo huadhimishwa tangu mwaka 2009. Lakini sisi Wakatoliki tusidhani kwamba jambo hilo ni jipya. Papa Leo XIII aliandika barua yake juu ya haki za wafanyakazi mwaka 1891, akafundisha kwamba mshahara wa haki si sadaka ya tajiri, ni deni lake.

Hapa Ituri deni hilo lina rangi ya dhahabu. Dhahabu ilipatikana Kilo mwaka 1903, na tangu hapo ardhi yetu imetoa utajiri ambao umejenga majumba katika miji mingi isipokuwa yetu. Mchimbaji huingia shimoni alfajiri, maji mpaka kifuani, na jioni huambiwa kwamba deni lake la chakula limezidi alichopata. Haya twayasema mara nyingi, na ni kweli. Lakini haki huanzia karibu zaidi. Je, mwenye duka amemlipa kijana anayembebea magunia? Je, yule aliyejengewa nyumba amemaliza kumlipa mwashi? Je, mizani ya muuza unga sokoni yasema kweli? Anayemwibia maskini vikombe viwili vya unga ana mkono sawa na anayeiba dhahabu, ila mkono wake ni mfupi.

LUGHA YA MAMA

Tarehe 21 ni siku ya lugha za mama, iliyowekwa na UNESCO mwaka 1999. Yakumbusha wanafunzi waliouawa katika mji wa Dhaka, tarehe 21 Februari 1952, kwa sababu walitaka lugha yao ya Kibengali itambuliwe.

Siku hiyo sisi walimu hufurahi sana. Katika darasa moja la Bunia mna watoto wanaosema nyumbani Kilendu, Kihema, Kialuri, Kibira, Kilugbara, Kinyali na lugha nyingine tena. Wote hukutana katika Kiswahili. Yafaa siku hiyo kila mtoto asali Baba Yetu kwa lugha ya mama yake, na wenzake wasikilize kwa heshima.

Nanyi mtasikia jambo ambalo wageni hulistaajabia. Wahema wa kaskazini, wale wa Djugu, husema lugha ile ile ya Walendu. Tangu zamani walikaa pamoja, wakaoana, wakauziana maziwa na mazao, hata lugha ikawa moja. Mama wa Kihema na mama wa Kilendu wa Djugu humbembeleza mtoto kwa maneno yale yale. Walipouana, waliolia kuomba huruma walieleweka vizuri sana. Kwa hiyo asitudanganye mtu kwamba vita vilikuja kwa sababu hatukuelewana kwa maneno. Maneno tulikuwa nayo.

TAREHE 24 NA TAREHE 25

Sasa tumefika kwenye zile siku mbili za dawati moja.

Bogoro ni kijiji kilicho mwendo wa kilometa 25 hivi kutoka Bunia, katika njia ya kuteremka Kasenyi, ziwani Albert. Alfajiri ya tarehe 24 Februari 2003 wapiganaji wa Kilendu na wa Kingiti walikivamia. Palikuwapo kambi ya askari wa UPC, lakini waliouawa hawakuwa askari tu. Wengi walikuwa raia, wengi wao Wahema: wazee, akina mama, watoto. Nyumba ziliteketezwa na ng’ombe wakachukuliwa. Mahakama ya The Hague ilimhukumu Germain Katanga mwaka 2014 kwa kusaidia uovu ule, akapewa kifungo cha miaka 12. Mwaka 2017 majaji waliwatambua watu 297 kuwa wanastahili fidia, wakaagiza kila mmoja apewe dola 250 kama alama. Ni alama tu, kwa kuwa hakuna mizani ya kumpimia mama.

Siku zile zile, upande wa pili, majeshi ya UPC yalikuwa yakishambulia vijiji vya Walendu vya Lipri, Kobu na Bambu. Watu walialikwa Sangi kwenye mkutano wa amani, wakaenda wakitumaini mapatano, wakakamatwa. Mahakama ilithibitisha kwamba watu wasiopungua 49 waliokuwa wametekwa waliuawa katika shamba la migomba kule Kobu. Mwaka 2019 Bosco Ntaganda alihukumiwa kifungo cha miaka 30 kwa uovu huo na mwingine mwingi. Na mapigano yale yalikuwa na jina, nalo limeandikwa katika hukumu. Yaliitwa “Shika na Mukono”.

Wasomaji wapenzi, tulipolisoma jina hilo tulinyamaza muda mrefu. Kushikana mkono ni salamu yetu. Ni ishara ya amani tunayopeana kabla ya Komunyo. Ndivyo tunavyomfundisha mtoto kuvuka barabara. Maneno hayo matamu yaligeuzwa kuwa jina la kuwinda watu.

Hatukuyataja makabila haya ili tuyahukumu. Angalieni vizuri: mahakama ilihukumu watu, kila mmoja kwa jina lake na kwa matendo yake. Haikuhukumu kabila. Ni sisi tunaohukumu kabila zima katika mazungumzo yetu ya jioni. Wala hatukuyataja ili kupima machozi yapi ni mazito zaidi. Umoja wa Mataifa ulihesabu kwamba katika Ituri, miaka miwili tu, 2002 na 2003, raia zaidi ya 8,000 waliuawa, na zaidi ya watu 600,000 wakakimbia makwao. Hesabu hiyo haikugawanywa kwa kabila. Mungu naye haigawanyi.

Lakini sisi twaigawanya. Nyumba hii yajua tarehe 24, haitaki kusikia tarehe 25. Nyumba ile yajua tarehe 25, na tarehe 24 husema, “Hayo yalikuwa ni malipizi.” Hivyo kila upande hushika nusu ya juma la msiba, na nusu hiyo huifanya sababu. Mtoto anayelelewa kwa nusu hukua akiamini kwamba watu wake wameteswa tu, hawajatesa kamwe. Anapofika miaka 16, akija mtu na bunduki na kumwambia, “Twende tukalipize,” atampata yuko tayari. Wale waliowaua watu wa Plaine Savo mwaka 2022, wako miongoni mwao ambao mwaka 2003 walikuwa bado wachanga au hawajazaliwa. Nani aliwafundisha kumchukia jirani? Walifundishwa karibu na moto, jioni, na watu waliowapenda.

Hilo ndilo tulilotaka kusema leo: anayewakumbuka wafu wake peke yao hajawakumbuka vema hata hao. Amewafanya silaha.

TUFANYE NINI?

Mara nyingi Jumatano ya Majivu huangukia mwezi huu. Padre hutia majivu juu ya kila kichwa, wala haulizi huyu ni wa kabila gani. Majivu ni yale yale. Basi Kwaresima yetu ya Ituri ingeweza kuanza kwa mambo madogo yafuatayo.

Kwanza, kila familia ichukue kalenda na kuandika kwa kalamu siku zote mbili, tarehe 24 na tarehe 25. Watoto wakiuliza, waelezwe ukweli wote, bila kuongeza na bila kuficha, kwa maneno yanayofaa umri wao.

Pili, jioni ya tarehe 24, jumuiya ndogo zikutane kwa rozari moja, kwa shauri na ruhusa ya Paroko. Majina ya marehemu wa pande zote yasomwe katika orodha moja. Mwenye kuyasoma majina ya Bogoro awe mtu wa nyumba ya Kobu, na mwenye kuyasoma ya Kobu awe mtu wa nyumba ya Bogoro. Twajua si jambo jepesi. Asiye tayari asilazimishwe. Aje akae tu, asikilize.

Tatu, tusiende mikono mitupu kwa walio hai. Hapa mjini, katika kambi ya Kigonze, wamekaa watu waliokimbia vijiji vyao vya Djugu, na Kwaresima ni wakati wa kufunga. Kile ambacho familia imejinyima, iwe ni sukari, iwe ni samaki, kipelekwe kwa wenye njaa, tena bila kuulizwa wametoka upande gani.

Nne, ninyi wanafunzi. Msingoje wakubwa. Mwulize jirani yako wa dawati jina la bibi yake, na alikufaje. Kisha mwambie na la kwako. Mkimaliza, mwaweza kwenda kucheza mpira.

Wale wanafunzi wetu wawili walifanya hivyo. Tarehe 24 iliyofuata, yule wa Kobu aliomba ruhusa nyumbani, akaenda kusali kwa mwenzake. Mama wa nyumba alimtazama, akamwuliza ukoo wake, na mtoto akajibu bila kuficha. Mama alikaa kimya kidogo. Kisha akampa mshumaa, akamwonyesha mahali pa kupiga magoti. Kesho yake mwanawe naye akaenda kule.

Hatujui watoto hao watakuwa watu wa namna gani, maana njia ya kukua ni ndefu na nchi yetu ina mashimo mengi. Lakini tumeona kwa macho yetu jambo moja: wakati wa kwenda nyumbani, barabara ya Ngezi ilipojaa pikipiki na vumbi, mkubwa alimshika mdogo mkono, wakavuka.

Mungu awape wote waliouawa mwezi wa Februari pumziko la milele, na mwanga wa milele uwaangazie. Nasi atupe mikono safi. Amina.